Namna ya kufunga safari ya mashairi kutoka Lubumbashi

Mshairi wa slam, yaani ushairi wa kusemwa jukwaani mbele ya watu, habebi gitaa wala ngoma. Hubeba sauti yake na maneno aliyoyahifadhi kichwani, na kwa sababu mzigo huo hauonekani, wengi hudhani kwamba ziara yake haihitaji matayarisho: anapigiwa simu kutoka Likasi au Kolwezi, anapanda basi, anasema shairi, anarudi. Mimi na mwenzangu, ambaye ninamwita Yaya kwa kuwa amenitangulia kwa umri na kwa jukwaa, tulianza hivyo hivyo, na katika ziara zetu za kwanza tulifika mara nyingi tukiwa na mashairi mazuri na sauti mbovu. Tangu hapo tunafuata kanuni moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kila uamuzi wa safari, uwe wa basi, wa chakula, wa malazi au wa fedha, tunaupima kwa kujiuliza kama utaifikisha sauti jukwaani ikiwa nzima. Ratiba tunaipanga kwa kuanzia saa ya kupanda jukwaani, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua hadi saa ya kutoka nyumbani.

Ninawaandikia hasa wadogo zetu wa Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kenya (Kenya ninayoitaja hapa ni mtaa wetu, si nchi), wanaosema mashairi yao katika nyua za shule na vituo vya utamaduni, na ambao mwaliko wao wa kwanza wa nje ya mji uko karibu kufika.

Makubaliano kabla ya tiketi

Anayekualika mara nyingi ni mtu mwenye moyo mwema ambaye hajawahi kumpokea mshairi. Amezoea wanamuziki, na kwa wanamuziki anajua kwamba kuna vyombo vya kusafirishwa na watu wa kulipwa. Kwa mshairi anafikiri kwamba sahani ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu) inatosha. Ni juu yako kumweleza, kabla hujakata tiketi, na kumweleza kwa maandishi, hata kama maandishi yenyewe ni ujumbe wa simu tu. Ujumbe wetu unataja siku na saa ya kupanda jukwaani, dakika tutakazosema, kama kuna mikro (maikrofoni) na jenereta, mahali tutakapolala na kama chumba kina ufunguo, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na mwisho kashe, yaani malipo ya msanii kwa kazi ya jukwaani: ni kiasi gani, ni kwa faranga au kwa dola, na inatolewa lini. Nauli ya pande zote mbili tunaiomba itumwe mapema kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa maana anayesafiri bila nauli ya kurudi amejiweka mikononi mwa watu asiowajua.

Kuna mji mmoja ambako tulisema mashairi kwa saa nzima mbele ya ukumbi uliojaa. Makofi yalipoisha, mwenyeji wetu alitushukuru kwa hotuba ndefu, akatukabidhi vyeti vyenye majina yetu, akaenda zake. Tulikaa siku mbili kwa mjomba wake Yaya tukisubiri nauli kutoka nyumbani. Yule mwenyeji hakuwa mtu mbaya. Hatukuwa tumemwambia lolote, naye alitupa kile alichodhani kuwa ndicho tulichokuja kutafuta. Kusema bure si kosa, na sisi wenyewe husema bure shuleni na hospitalini, ilimradi uwe umekwisha kuamua hivyo nyumbani, ukijua nauli yako inatoka wapi, badala ya kulazimika usiku mlangoni mwa ukumbi.

Saa nayo iandikwe kwa tarakimu, ikifuatwa na neno la wakati. Ninalikazia jambo hili kwa sababu lilitugharimu. Huku kwetu tumezoea kutaja saa kwa hesabu ya Kifaransa, hali Watanzania na Wakenya wanahesabu kuanzia mapambazuko na kuanzia machweo; juu ya hayo, saa ya Lubumbashi iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa moja. Katika safari yetu ya kwanza Tanzania tuliambiwa kwamba wanafunzi wangetungoja saa nne. Sisi tulielewa 16:00, wao walimaanisha 10:00. Tulifika alasiri tukiwa tumevaa vizuri na tumepumzika, tukamkuta mlinzi anafagia majani. Viti vilikuwa bado vimepangwa nusu duara chini ya mwembe, na kwenye ubao uliokuwa umeegemezwa shinani mtu alikuwa ameyaandika majina yetu kwa chaki ya bluu, akayazungushia maua madogo kwa chaki nyekundu. Lile la Yaya lilikuwa limefutika nusu, kama limepitiwa na bega la mtoto. Tangu siku hiyo tunaandika hivi: 10:00 asubuhi, saa ya Dar es Salaam.

Karatasi na vizuizi

Beba kitambulisho, barua ya mwaliko, na barua ya kutumwa kazini yenye muhuri wa kundi lenu, kila moja ikiwa na nakala mbili. Ukivuka mpaka, ongeza pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenye kizuizi mmoja wenu tu ndiye aseme, naye aseme kwa ufupi na kwa heshima: “Shefu, sisi ni washairi, tunaenda kusema mashairi Kolwezi, barua hii hapa.” Mkisema wote wawili mtapishana kwa maneno, na kupishana huko ndiko kunakozaa maswali. Ikiwa lipo shairi linalogusa siasa au migodi, amueni nyumbani, mkiwa mmetulia, kama mnasafiri nalo au mnaliacha. Mimi siamini kwamba shairi kali ni lazima lisemwe kila mahali. Lakini ninaamini kwamba likishachaguliwa lisemwe lote, bila kumung’unywa.

Anayeelekea Tanzania au Kenya asifunge daftari lake kwenye mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019. Daftari letu tunalikunja ndani ya kitenge.

Barabara

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, na hadi Kolwezi, ukipitia Fungurume, ni karibu kilomita 300. Kusini, mpaka wa Kasumbalesa, wa kuingia Zambia, uko umbali wa kama kilomita 90. Tarakimu hizo zisikudanganye. Barabara hizi ni za malori ya shaba na kobalti, na mwendo wako unategemea lori lililo mbele yako na foleni iliyo kwenye mizani au kwenye peaje, yaani kituo cha kulipia barabara. Likasi tunaondoka alfajiri ya siku ile ile ya kazi. Kolwezi tunafika siku moja kabla. Zambia tunatenga siku nzima ya mpaka peke yake na hatuahidi chochote jioni yake. Ukishavuka, Kibemba kitakufaa kuliko Kifaransa chako chote.

Usisafiri usiku. Mpiga gitaa wetu mkubwa, Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Humkumbuka kila ninapomsikia dereva akituhakikishia kwamba tutafika tu, hata ikiwa usiku wa manane. Ikiwa kazi imekwisha saa 22:00, lala huko huko. Na ikiwa mwenyeji hakupanga malazi kwa kuwa alidhani mtarudi usiku ule ule, basi hilo lilipaswa kuonekana katika makubaliano.

Sauti inaharibikia ndani ya basi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza kazi yao bila kujua. Washairi hudhani kwamba sauti inachoka jukwaani. Dakika ishirini za jukwaani haziwezi kuchosha sauti iliyotunzwa. Kinachoichosha ni saa sita za kuongea na mwenzako huku redio ya basi ikipiga kelele na injini ikinguruma, kwa sababu mtu hupandisha sauti bila kujisikia ili ashinde kelele ile. Sisi ndani ya basi hatuongei. Mwanzoni abiria walidhani tumegombana. Tukiwa na jambo la lazima tunaandikiana daftarini, na baadhi ya mistari yetu bora imezaliwa katika mazungumzo hayo ya kalamu. Kunong’ona nako si dawa: mnong’ono unakaza koo, na mara nyingi unaichosha sauti kuliko kusema polepole kwa sauti ya kawaida.

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei, asubuhi za huku ni za baridi na mchana ni wa vumbi. Funga kitambaa puani na mdomoni, na ukae upande ambao dirisha lake linafungika. Maji yanywe tangu asubuhi, kidogo kidogo. Maji unayoyameza dakika tano kabla ya kupanda jukwaani yanalowesha mdomo tu. Hayapiti kwenye nyuzi za sauti bali yanakwenda tumboni, na mwili unahitaji saa kadhaa ili uyafikishe yanakotakiwa. Tangawizi na asali vinatuliza koo, na mimi ninavipenda, lakini haviponyi sauti iliyochoka. Kinachoiponya ni kunyamaza. Pombe iache hadi kazi iishe. Bukari uile saa mbili au tatu kabla ya kupanda jukwaani, kwa kuwa tumbo lililojaa halikuachii nafasi ya pumzi, na shairi husemwa kwa pumzi. Sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili, mwone daktari, usiendelee kuilazimisha.

Nusu saa kabla ya kuanza, tafuta kona na uvume taratibu mdomo ukiwa umefungwa, ukiipandisha na kuishusha sauti kama mama anayebembeleza mtoto, kisha tetemesha midomo kama anayeiga injini ya pikipiki. Watu watakutazama. Waache watazame.

Kazi ngumu zaidi ya kulinda sauti inakutana na adabu. Ukipokelewa katika familia, na huku kwetu ndivyo inavyokuwa mara nyingi, mama wa nyumba atataka habari za Lubumbashi, atauliza ukoo wako, ataita majirani, na kumjibu kwa maneno mawili ni kumtukana. Njia tuliyoiona inafaa ni kusema mapema, mkiwa bado mlangoni, pamoja na kumkabidhi sukari au sabuni uliyomletea: “Mama, leo tunalinda sauti kwa ajili ya kazi, kesho tutaongea hadi mchoke.” Hakuna mama hata mmoja aliyekasirika baada ya kuambiwa hivyo, na mmoja wao alizima televisheni na kuwanyamazisha watoto jioni nzima. Kesho yake, bila shaka, ni lazima ukae na kuongea kweli.

Kwa dada zangu washairi ninaongeza neno moja bila kulipamba. Chumba chenye ufunguo ni sharti, sawasawa na mikro. Mtajie ndugu yako nyumba utakayolala na jina la mwenyeji, na usikubali kubadilishiwa malazi usiku, hata ukiambiwa kwamba ni kwa wema. Anayekasirika kwa sababu umeuliza habari za ufunguo amekwisha kukujibu.

Mashairi gani yasafiri

Mashindano ya slam, yaliyoanzia Chicago katika miaka ya 1980 kwa juhudi za mshairi Marc Smith, kwa kawaida humpa mshairi dakika tatu mbele ya waamuzi watano waliochaguliwa miongoni mwa watazamaji. Ni shule nzuri ya kubana maneno. Lakini ziara si mashindano, na aliyepewa nusu saa akaijaza kwa mashairi kumi ya dakika tatu tatu atawachosha watu kabla hajafika la tano. Sisi hupanga mashairi sita, na katikati yake tunaacha nafasi ya kusema na watu. Wazee wanaosema kasala, zile sifa za koo za Waluba, wanamwita mtu aliyepo kwa jina lake na kwa majina ya mababu zake, na kwa njia hiyo hakuna anayesikiliza akiwa amesimama nje ya neno. Fika mapema, uulize majina ya mto, ya mtaa na ya soko la pale, kisha tafuta mstari mmoja unaoweza kuyapokea.

Tatizo la msamiati linahitaji uamuzi wa kila mshairi. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina makuta kwa maana ya fedha na bukari kwa maana ya ugali, na pwani maneno hayo hayaeleweki. Wapo wanaoyabadilisha yote wanapovuka mpaka. Mimi siyabadilishi, kwa kuwa shairi lililovuliwa maneno ya nyumbani kwao linafika likiwa mgeni hata kwa mwenyewe. Ninachofanya ni kuweka dalili kando ya neno. Katika shairi langu moja ninasema, “Makuta ya mama yako kwenye pindo la kitenge, anafungua fundo, anahesabu, anafunga tena.” Fundo, pindo na kuhesabu vinamweleza msikilizaji wa Tanga au Mombasa kila kitu, na tena anaondoka na neno jipya. Mistari ya Kifaransa, ambayo huku inachangamsha ukumbi, punguza. Ubaki mmoja tu, na uwe mfupi.

Umeme ukikatika

Utakatika. Tulikuwa Likasi, Yaya akiwa katikati ya shairi la marehemu baba yake, ukumbi ukazama gizani na mikro ikafa kwenye neno la tatu la mstari. Kijana angepaza sauti. Yaya alinyamaza kabisa, akahesabu pumzi tatu, akashuka jukwaani kwa kupapasa ngazi kwa mguu, akasimama katikati ya watu na kusema kwa sauti ya kawaida, “Sogezeni viti.” Tulisikia miguu ya viti ikiburuzwa sakafuni kutoka pande zote, kisha taa ya simu moja, kisha kumi. Alirudi mwanzo wa shairi, si pale lilipokatikia, akalisema taratibu kuliko alivyokuwa amezoea. Mnyamaze, msogee, mwanze upya, mpunguze mwendo: ndivyo tunavyofanya hadi leo.

Kupunguza mwendo kuna sababu yake katika lugha yenyewe. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti iliyochoka au isiyo na mikro huimeza silabi ya mwisho. Sasa hebu sema wasome, wasomi na wasoma huku ukiimeza vokali ya mwisho: yote matatu yanakuwa neno moja, na shairi lililokuwa ombi linageuka kuwa taarifa. Fanyeni zoezi hili nyumbani, mmoja akisimama mwisho wa ua na mwenzake akiandika anachokisikia.

Fedha na kurudi

Noti za dola zikague moja moja mbele ya anayekupa, kwa maana noti yenye mchaniko mdogo tu ukingoni haitapokelewa huku kwetu, na kumrudia mtu baada ya siku tatu ni taabu kwenu nyote wawili. Faranga ndogo ndogo za njiani zikae mfuko tofauti na kashe. Tunapogawana, kwanza tunarudisha kilichotumika kwa safari, pili tunatoa fungu la kuchapisha vijitabu tunavyouza mlangoni, na kinachobaki tunagawa sawa kwa sawa, bila kuangalia nani alipigiwa makofi zaidi. Hesabu hiyo tunaifanya ndani ya basi la kurudi, kwa kalamu, kabla ya kufika nyumbani ambako kila faranga tayari inangojewa na mtu.

Daftari la hesabu linabeba pia habari nyingine: mashairi tuliyosema katika mji ule, jina la aliyetupikia, ukumbi ulivyopokea sauti, na lile tuliloahidi. Baada ya kufika tunanyamaza siku mbili, kisha tunampigia simu mwenyeji na mama wa nyumba. Mji ukitualika tena, tunafungua daftari kwanza, halafu ndipo tunajibu.